Sarafu za Shaba ya Kuchovya na Rangi Zake

Sarafu iliyochovywa shaba hutoka kiwandani iking'aa, nyekundu yenye kuelekea rangi ya chungwa. Miezi michache mikononi mwa watu humaliza mng'ao huo. Sarafu hugeuka kahawia, kisha kahawia iliyokoza. Nyingine huwa nyeusi, nyingine huota ukoga wa kijani, na nyingine hutokwa na vipele vyeupe au madoa ya kutu, jambo ambalo shaba peke yake haiwezi kulifanya. Mabadiliko hayo yana vyanzo viwili. Kimoja kiko juu ya ngozi ya shaba, inapokutana na hewa, jasho na moshi. Kingine kiko chini yake, inapokutana na metali iliyofunikwa. Cha kwanza hubadili sura ya sarafu. Cha pili huiua.

Sarafu za aina hii zimeenea kuliko wengi wanavyodhani. Peni ya Marekani, yenye sura ya Abraham Lincoln tangu 1909, ilikuwa na shaba asilimia 95 hadi mwaka 1982, ukiacha mwaka wa vita 1943 ilipotengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Mwaka 1982 kiini kikawa cha zinki na juu ikabaki ngozi tu ya shaba. Shaba yote ndani ya sarafu ikashuka hadi asilimia 2.5, na uzito ukapungua kutoka gramu 3.11 hadi gramu 2.5, ingawa sura na ukubwa havikuguswa. Uingereza ilianza kutengeneza peni 1 na peni 2 kwa chuma kilichochovywa shaba mwaka 1992. Senti 1, 2 na 5 za euro, zilizoingia mifukoni mwa watu Januari 2002, ni za chuma vilevile. Canada ilijaribu zinki kuanzia 1997, ikahamia chuma mwaka 2000, kisha ikaacha kutengeneza senti yake mwaka 2012. Afrika Mashariki nayo imezitumia: shilingi 1 na shilingi 2 za Uganda za mwaka 1987 zilikuwa chuma chenye ngozi ya shaba. Senti 5 ya Tanzania ya 1966, ile yenye picha ya samaki, haimo katika kundi hili. Hiyo ilikuwa aloi ya shaba na bati kutoka juu hadi ndani.

Sababu ya kuchovya ni gharama. Bei ya shaba duniani ikipanda, hufika siku ambapo metali iliyomo kwenye sarafu ndogo ina thamani kubwa kuliko tarakimu iliyochapwa juu yake, na mtu mwerevu huona faida ya kuziyeyusha na kuziuza kama skrepa. Desemba 2006 Marekani ililazimika kupiga marufuku kuyeyusha peni zake au kuzisafirisha nje kwa wingi. Ngozi ya shaba iliondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, lakini ilileta jingine ambalo sarafu za shaba tupu hazikuwa nalo.

Kuchovya kwenyewe hufanyika kwa umeme. Vipande vya mviringo vya zinki au chuma, kabla havijachapwa sura yoyote, hutiwa katika mapipa yanayozunguka polepole ndani ya mmumunyo wenye shaba, na mkondo wa umeme hupitishwa humo. Atomi za shaba huacha mmumunyo na kujipanga juu ya vipande. Kazi hii haiwezi kuanza na mmumunyo wa kawaida wa salfeti ya shaba: msumari ukitumbukizwa ndani yake hupata wekundu papo hapo hata bila umeme, lakini shaba hiyo ni kama unga na hufutika kwa kidole. Viwanda vingi kwa hiyo hutandaza safu ya kwanza kwa mmumunyo wa sianidi, ambayo ni sumu kali, kwa kuwa ndio unaoifanya shaba ishike sawasawa. Ngozi inayopatikana kwenye peni ya Marekani haifiki mikroni 10, yaani sehemu moja kwa mia ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 50 hadi 100.

Baada ya hapo kipande hubanwa kati ya mihuri miwili kwa nguvu kubwa ili kipate sura na maandishi. Metali ya ndani hutiririka kujaza nakshi za muhuri, na ngozi hulazimika kunyooka pamoja nayo. Ukingoni na kwenye pembe kali za herufi ngozi huwa nyembamba zaidi, na pengine hupasuka kidogo sana kiasi kwamba jicho halioni. Nyufa hizo ndizo zinazoamua umri wa sarafu.

Kuhusu rangi, kwanza ni lazima kujua kwa nini shaba ni nyekundu. Metali nyingi zina rangi ya fedha kwa sababu huurudisha karibu mwanga wote unaoonekana, bila kubagua. Shaba na dhahabu hubagua. Elektroni za shaba humeza mwanga wa upande wa buluu na kijani, na kuuacha ule wa nyekundu na manjano urudi kwenye jicho. Wekundu huo ni wa uso wa metali wenyewe. Uso ukifunikwa na kitu kingine, hata kiwe chembamba kiasi gani, rangi lazima iguswe.

Kifuniko cha kwanza ni oksaidi. Mara tu shaba mpya inapokutana na hewa, oksijeni huanza kushikana nayo, atomi moja ya oksijeni kwa mbili za shaba, na kuunda oksaidi yenye rangi ya kahawia-nyekundu. Mwanzoni tabaka hilo ni jembamba mno na sarafu huonekana kama imefifia tu. Ili tabaka likue, shaba kutoka chini inabidi isafiri kupita ndani ya oksaidi iliyokwisha kujengeka ili iifikie oksijeni iliyo juu. Kadiri tabaka linavyonenepa ndivyo safari inavyorefuka na mchakato unavyopungua kasi. Hapa ndipo shaba inapotofautiana na chuma. Kutu ya chuma huvimba, hubanduka na kuifungulia hewa njia mpya, lakini oksaidi ya shaba hung'ang'ania uso na kuulinda. Sarafu ya kahawia, kwa maana hiyo, ni sarafu iliyojivika nguo.

Kabla ya kufika kahawia, sarafu zilizotunzwa bila kushikwashikwa hupita katika hatua ya kuvutia. Tabaka la oksaidi likiwa na unene wa makumi machache ya nanomita, mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka na ule unaorudi kutoka chini yake hukutana na kuingiliana. Rangi fulani hujizima, nyingine hujiongeza nguvu, na juu ya sarafu hutokea zambarau, buluu, hata kijani cha kumetameta, kwa kanuni ileile inayotia rangi mafuta ya gari juu ya dimbwi la mvua. Hakuna rangi yoyote iliyopakwa pale. Tabaka likinenepa zaidi michezo hiyo hupotea, oksaidi ya pili ambayo ni nyeusi hujichanganya na ya kwanza, na macho huona kahawia.

Wakusanyaji wa sarafu hupima safari hii kwa madaraja matatu: nyekundu, nyekundu-kahawia na kahawia. Sarafu ya zamani iliyobaki nyekundu hulipiwa zaidi, kwa kuwa ni adimu. Matokeo yake ni kwamba wapo wanaozisugua na kuzichovya dawa ili zionekane mpya. Jicho zoefu huwagundua haraka, maana wekundu wa dawa ni wa mfanano mmoja mno, hauna kina.

Weusi una asili nyingine, nayo ni salfa. Shaba na salfa huvutana sana, na kiasi kidogo mno cha gesi yenye salfa hewani kinatosha kuanza kazi. Gesi hiyo hutoka kwenye mitaro ya maji machafu, mayai yaliyooza na moshi wa makaa ya mawe na wa mafuta yenye salfa. Hutoka pia mahali ambapo watu hawapashuku. Mpira wa kufungia pesa umeimarishwa kwa salfa kiwandani, na sarafu zilizofungwa kwa mpira huo na kusahauliwa dukani huota mstari mweusi pale mpira ulipogusa. Karatasi na maboksi ya bei nafuu nayo yanaweza kuwa na salfa, ndiyo maana sarafu iliyokaa miaka kwenye bahasha mara nyingi huanza kuwa nyeusi ukingoni.

Mkono wa binadamu nao ni mazingira makali. Jasho lina chumvi, asidi ya laktiki na mafuta ya ngozi, na vyote vitatu hushambulia shaba kwa njia tofauti. Asidi huyeyusha sehemu ya oksaidi, chumvi hutoboa ile inayobaki, na mafuta hushikana na shaba kuunda aina ya sabuni ya rangi ya kijani. Alama ya kidole iliyoachwa juu ya sarafu mpya hujitokeza baada ya wiki kadhaa ikiwa ya kahawia iliyokoza, na haifutiki kwa kitambaa. Lakini mkono huohuo husugua. Kwenye sarafu iliyozunguka sokoni sehemu zilizoinuka, kama shavu au nywele za kiongozi aliyechorwa, hubaki na mng'ao, huku mabonde yaliyo kati ya herufi yakijaa uchafu mweusi.

Pwani huongeza kasi ya yote haya. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani na kugeuka maji pale unyevunyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, kiwango ambacho hewa ya Mombasa, Unguja au Dar es Salaam hukifikia mara kwa mara, hasa usiku. Chembe ya chumvi iliyokaa juu ya sarafu huwa tone dogo, na ndani ya tone hilo kloraidi hukutana na shaba. Zao lake la mwisho ni chumvi ya kijani-kibichi. Zao la katikati ni baya zaidi: kloraidi nyeupe ya shaba ambayo, kila ikipata unyevu na oksijeni, huanza upya kula metali na kutoa unga wa kijani hafifu. Wahifadhi wa makumbusho wanaliogopa tatizo hili, kwa sababu kipande kilichochimbwa kikiwa salama kinaweza kusagika kikiwa ndani ya kabati la kioo.

Ukijani wenyewe una namna nyingi. Shaba, maji na hewa ya ukaa huzaa kaboneti ileile inayopatikana ardhini kama malakiti, jiwe la kijani linalochimbwa Kolwezi na kwingineko katika ukanda wa shaba wa Congo. Siki huzaa asetati ya kijani-buluu. Moshi wa miji, wenye salfa, huzaa salfeti ya kijani, na hiyo ndiyo iliyoipa Sanamu ya Uhuru ya New York rangi yake. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1886 ikiwa na rangi ya shaba, ikawa kahawia, na miongo michache baadaye ikawa kijani yote. Sarafu haifiki huko kwa kawaida, kwa kuwa hainyeshewi mvua miaka mingi mfululizo wala haiachwi bila kusuguliwa.

Shaba tupu huvumilia yote hayo. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu ndogo za shaba karne kadhaa kabla Wareno hawajaishambulia Kilwa mwaka 1505, na sarafu hizo bado zinaokotwa mchangani, zimevaa kijani lakini majina ya watawala yangali yanasomeka. Tano kati yake ziliokotwa na askari mwaka 1944 katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia. Peni ya zinki ikiachwa katika mchanga wa pwani haiwezi kutarajiwa kudumu hivyo, na hapo ndipo chanzo cha pili cha mabadiliko kinapoingia.

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji yenye chumvi huwa betri. Zinki huachia elektroni zake kwa urahisi kuliko chuma, na chuma kwa urahisi kuliko shaba. Kati ya zinki na shaba kuna pengo la takriban volti 1.1. Mwanakemia John Daniell alilitumia pengo hilohilo mwaka 1836 kutengeneza betri iliyokuja kuendesha mitambo ya simu za maandishi. Katika betri ya namna hii metali dhaifu ndiyo inayoliwa, na yenye nguvu hulindwa. Sarafu iliyochovywa ikiwa nzima haina betri, kwa sababu maji hayafiki ndani. Tundu moja likitokea, betri huwaka. Ubaya zaidi ni uwiano wa maeneo: ngozi nzima ya shaba huvuta elektroni, na zote hutoka kwenye kitundu kimoja cha zinki. Zinki hapo huliwa kwa kasi na kwa kina.

Mabati ya nyumba ni mfano wa mpangilio ulio kinyume. Hayo ni chuma kilichopakwa zinki. Bati likikwaruzwa, zinki iliyo pembeni ya mkwaruzo hujitoa mhanga na chuma hubaki salama kwa muda mrefu. Mwanakemia Humphry Davy aliitumia kanuni hiyo mwaka 1824 alipofunga vipande vya zinki na chuma kwenye meli za kivita za Uingereza zilizofunikwa shaba chini. Shaba ilipona, ingawa magugu na viumbe wa baharini walianza kujishikiza kwenye meli, kwa sababu shaba iliyolindwa haikutoa tena sumu iliyokuwa ikiwafukuza. Kuvika chuma au zinki ngozi ya shaba ni kufanya kinyume cha mabati: ngozi ndiyo inayolindwa, na mwili ndio unaolipa.

Sanamu ya Uhuru ililipa deni hilohilo. Ngozi yake ya shaba ina unene wa milimita 2.4 na imeshikiliwa na mifupa ya chuma, ambayo mhandisi Gustave Eiffel ndiye aliyeibuni. Wajenzi walijua hatari, wakaweka asbesto iliyolowekwa kwenye vanishi kati ya metali hizo mbili. Kinga hiyo ilichakaa, maji ya chumvi yakaingia, na chuma kikavimba kwa kutu hadi kikang'oa riveti. Katika ukarabati uliokamilika mwaka 1986 sehemu kubwa ya vyuma vilivyoishika ngozi ilibadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu. Ngozi yenyewe, baada ya miaka 100 ya hewa ya bahari, ilikuwa imepoteza sehemu ndogo tu ya unene wake.

Kwenye sarafu ya zinki, dalili ya maradhi haya ni kipele. Zinki iliyoliwa hugeuka oksaidi na kaboneti nyeupe zinazohitaji nafasi kubwa kuliko metali ya awali, hivyo ngozi ya shaba huinuliwa kama lengelenge, kisha hupasuka na unga mweupe hutoka. Ukingo hutangulia mara nyingi, pale mhuri uliponyoosha ngozi kupita kiasi. Kwenye sarafu ya chuma, doa huwa la kahawia-chungwa, ni kutu ya kawaida, nayo husambaa chini ya ngozi hadi ibanduke kwa vipande. Peni za Uingereza na senti za euro zilizoopolewa kwenye chemchemi ambamo watu hutupa sarafu wakiomba matakwa mara nyingi huonekana hivyo.

Walimu wa kemia wana jaribio zuri la kuonyesha tofauti kati ya ngozi na mwili. Peni ya Marekani iliyotengenezwa baada ya 1982 hukwaruzwa kwa tupa ukingoni na kulazwa katika asidi ya hidrokloriki usiku kucha. Zinki huyeyuka ikitoa mapovu ya haidrojeni, shaba haiguswi, na asubuhi hupatikana ganda jepesi la shaba lenye sura ya Lincoln na lisilo na kitu ndani. Asidi hiyohiyo imo tumboni, na kwa hiyo peni iliyomezwa na mtoto mdogo, au na mbwa, si ya kupuuzwa: zinki nyingi mwilini ni sumu.

Joto nalo lina rangi yake. Shaba na zinki zikipashwa moto, atomi za kila moja huhamia ndani ya nyingine na kuzaa shaba ya manjano, aloi ya vitasa vya milango. Maabara za shule huonyesha hili kwa kuipaka sarafu ya shaba zinki hadi iwe na rangi ya fedha, kisha kuipitisha juu ya moto mdogo. Ndani ya sekunde chache hugeuka kama dhahabu. Wanafunzi hufurahi, ingawa thamani yake haijaongezeka hata senti.

Hamu ya kurudisha mng'ao ni ya kale, na dawa zake zimo jikoni. Ndimu, ukwaju na siki vina asidi zinazoyeyusha oksaidi, na chumvi huongeza nguvu yake. Ndivyo masinia na mabirika ya shaba yanavyong'arishwa pwani. Chombo kinene kinaweza kumudu kusuguliwa kila sikukuu. Sarafu ya kuchovya haiwezi. Kila mara oksaidi inapoondolewa, shaba iliyokuwa ndani yake huondoka pia, na ngozi ya mikroni chache haina akiba. Chumvi ikibaki kwenye nyufa bila kusuuzwa, sarafu iliyong'aa jioni huamka na ukoga wa kijani, na chini yake betri imeshawashwa.

Anayetaka kuziweka sarafu hizi basi azishike kwa ukingo, azitunze mahali pakavu, mbali na mpira na maboksi, na aepuke mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo ikizeeka hutoa kloraidi na kuacha utelezi wa kijani. Asiyejua kiini cha sarafu yake atumie sumaku: ikinasa, ndani ni chuma, isiponasa, mizani ndogo itatofautisha peni ya zinki na ile ya shaba. Ukahawia uachwe ulivyo. Kipele cheupe kikishatokea hakina tiba, kwa sababu zinki iliyoliwa hairudi.